Mimi ni Fundi wa Meno Bandia, Si Daktari: Jibu kwa Ndugu Zangu wa Mombasa

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote mnaonitazama kutoka Mombasa na kwingineko Pwani. Sikukusudia kurekodi video hii, lakini swali lile lile limeniandama chini ya kila video ninayoiweka, hata ile niliyokuwa nikipika mahamri: hasa ninafanya kazi gani huku Ujerumani, ninalipwa kiasi gani, na je, siwezi kumtafutia fulani nafasi? Najua nikitaja mshahara atatokea wa kusema ninajigamba, na nikitaja tabu nitaambiwa ninawavunja vijana moyo ilhali mwenyewe nimeshavuka. Wa kusema na aseme.

Mimi ni fundi wa meno bandia. Sing'oi jino, sizibi, sichomi sindano ya ganzi, na watu wengi ambao meno yao yamepita mikononi mwangu sijapata kuwaona sura. Daktari ndiye anayekaa na mgonjwa, akalichonga jino, akachukua umbo la kinywa, kisha akaniletea maabara pamoja na karatasi ya maagizo: ni jino lipi, rangi gani, na litengenezwe kwa kitu gani. Mimi hutengeneza mataji ya kuvika jino lililochongwa, madaraja ya kuziba pengo, na meno ya kuvaa na kuvua, yale ambayo wazee wetu huyalaza usiku ndani ya bilauri ya maji.

Kazi yangu inategemea lile umbo aliloleta daktari, na hapo ndipo penye ugomvi wa kila siku. Umbo mara nyingi huchukuliwa kwa alginati, unga unaokorogwa na maji, ukajazwa kwenye trei na kugandia juu ya meno kwa dakika chache. Watu wa Kwale watafurahi kusikia kwamba asili yake ni mwani wa baharini, ingawa si aina ile inayolimwa Kibuyuni. Alginati ikikauka hunywea, kwa hiyo umbo likiachwa mezani mpaka jioni bila kufunikwa kwa kitu chenye unyevu, jasi nitakayoimimina ndani yake itanipa meno ambayo si ya mgonjwa yule. Taji litatoka zuri, litang'aa, na halitaingia. Na likikataa kuingia, simu haipigwi kwa aliyeacha umbo likauka. Inapigwa kwangu, tena kwa sauti ya mtu aliyepotezewa wakati.

Siku hizi madaktari wengi hupitisha kamera ndogo kinywani, na umbo linafika kwetu likiwa faili la kompyuta. Mataji ya zirkonia, aina ya kauri nyeupe, huchongwa na mashine kutoka kwenye bonge laini lililo kama chaki, na ni lazima yachongwe makubwa kuliko saizi yake kwa takriban thuluthi moja ya... la, nisiwadanganye kwa haraka ya kusema: ni kama sehemu moja ya tano. Baadaye huingizwa kwenye tanuri lenye joto la kama nyuzi 1,500, yakasinyaa hadi saizi yake halisi na kuwa magumu kupindukia. Wenye kudhani kwamba mashine imemaliza kazi ya fundi hawajaona yanayofuata. Jino la kweli halina rangi moja. Karibu na ufizi limekolea, katikati limepoa, na pale kwenye ncha mwanga hupenya kidogo. Mimi huketi na brashi nyembamba, nikipaka unga wa kauri tabaka baada ya tabaka, nikichoma, nikipaka tena, nikilinganisha na kipimo chenye rangi 16 zilizogawanywa katika makundi ya A, B, C na D. Hulinganisha karibu na dirisha, kwa sababu jino lililopatana na jirani yake chini ya taa linaweza kumkana likitoka nje juani. Kuna wagonjwa wanaoagiza rangi nyeupe kuliko sinki. Hutengeneza kama nilivyoagizwa, lakini moyo wangu hauridhiki.

Sasa nifike kwenye lililonikera. Jamaa zangu, ambao ninawapenda, wananitumia picha za vinywa kwa simu na kuniomba niwatumie meno kwa mtu anayekuja likizo. Shangazi yangu mmoja amenuna mpaka leo kwa sababu nilimwambia haiwezekani, naye akaamini kwamba nimebadilika na kuwa na roho ya kizungu. Shangazi, picha haina kina, haioneshi taya ya juu inavyokutana na ya chini, wala ufizi unavyobonyea. Seti ya meno ya kuvaa hujaribiwa kwanza kinywani ikiwa bado ya nta, yakasogezwa yanayostahili kusogezwa, ndipo nta iyeyushwe na nafasi yake kuchukuliwa na akriliki, aina ya plastiki ngumu. Nenda kwa daktari wa meno aliyesajiliwa hapo hapo Mombasa. Na tafadhali usiende kwa yule anayekubandikia jino kwa akriliki kwenye meno ya jirani dakika kumi ukaondoka, kwa kuwa chakula hujificha chini yake, brashi haifiki, na yale meno mazima yaliyolishikilia huanza kuoza.

Kuhusu pesa, nitasema kiasi ninachoona ni adabu kukisema. Ujira wa chini wa kisheria Ujerumani ulikuwa euro 12.82 kwa saa mwaka 2025. Fundi wa meno aliyehitimu hulipwa zaidi ya hapo, lakini anayeanza asitarajie kuuacha mbali. Mkizidisha kwa shilingi za Kenya mtaona mlima, na mimi pia niliuona, mpaka nilipopokea karatasi ya mshahara. Bima ya pensheni pekee huchukua asilimia 9.3 kutoka upande wangu, halafu inafuata bima ya afya, ya ukosefu wa ajira, ya matunzo ya wasiojiweza, na kodi. Kwa mtu asiye na mke wala mume, karibu theluthi ya mshahara inaondoka kabla hajaigusa. Halafu kuna euro 18.36 kila mwezi za redio na televisheni za umma, hata kama nyumbani kwako huna televisheni. Kodi ya nyumba nitaiacha, msije mkasema ninalia.

Makaratasi ndiyo yaliyonizeesha. Nilikuja na diploma ya Kenya, na chemba ya mafundi ndiyo inayolinganisha masomo yako na ya kwao. Sheria inasema jibu litolewe ndani ya miezi mitatu, na nilishangilia niliposoma hivyo, kumbe saa huanza kuhesabiwa siku ile nyaraka zote zimekamilika. Walitaka orodha ya kila somo na saa zake, yenye mhuri, kisha itafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, ambaye hulipwa kwa mstari. Chuoni kwangu karani aliniambia hajawahi kuombwa kitu kama hicho, na faili langu likalala. Ada ya ulinganisho huu kwa kawaida huwa kati ya euro 100 na 600, iwe wamekukubali kikamilifu au nusu. Mimi walinikubali nusu, nikaongeza mafunzo.

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin mwezi Septemba 2024, mnaniuliza kuhusu zile ajira 250,000 zilizovuma kwenye habari kwamba Wakenya wameahidiwa. Idadi hiyo serikali ya Ujerumani yenyewe iliikanusha. Makubaliano hayakufuta Kijerumani, wala viza, wala chemba.

Kwangu mimi njia hii ilifaa. Kwa mwingine huenda isifae, kwa hiyo chukueni haya kama yangu peke yangu. Mwenye diploma aanze na orodha ya masomo yenye saa akiwa bado Kenya, wakati karani anaweza kusimamiwa mlangoni. Asiye na diploma anaweza kuomba mafunzo ya huku, ambayo ni miaka mitatu na nusu, sehemu kubwa maabara na sehemu shule, kwa posho ndogo, na Kijerumani kwanza. Anayetaka kufungua maabara yake mwenyewe ajue kwamba sheria inadai cheti cha ufundi mkuu juu ya hayo yote. Vyeti vyenu msinitumie mimi, kwa maana chemba haipokei maombi kupitia kwangu, na wakala yeyote anayewaambia kwamba ananijua mimi na kwa hiyo mumlipe, simjui.