Seva ya Linux au ruta ya chipu? Pima, jenga, kisha amua

Habari zenu mafundi, karibuni. Video hii ni ya wale wanaouza intaneti kwa kiwango kidogo huku Nyanda za Juu Kusini. Una laini moja au mbili kutoka Mkongo wa Taifa, mnara mmoja Mwanjelwa, mwingine Uyole, pengine wa tatu unaotazama Mbalizi, na simu za malalamiko zinaanza kila ikifika saa mbili usiku. Bosi anauliza: tununue ruta (kifaa cha kuelekeza intaneti) ya kampuni kubwa, au tuchukue seva tuweke Linux, mfumo endeshi huria? Leo tunapima, tunajenga hiyo ya Linux mpaka ipitishe wateja, halafu ndipo tunaamua.

Kwanza tuondoe ubishi wa vijiweni. Ruta nyingi za kampuni, ukizifungua, ndani utakuta mifumo hii hii tunayoibishania. Junos ya Juniper ilijengwa juu ya FreeBSD, mfumo mwingine huria. IOS XE ya Cisco na EOS ya Arista zinakaa juu ya Linux. RouterOS ya MikroTik, ambayo kila fundi wa minara huku ameishika, inatumia kerneli (moyo wa mfumo) ya Linux ingawa yenyewe si programu huria. Kwa hiyo kwenye ruta kubwa za bei mbaya, pesa yako haiendi kwenye mfumo. Inaenda kwenye chipu maalumu inayosukuma pakiti (vipande vidogo vya data) bila kuiuliza prosesa. Na MikroTik nyingi za bei ya kawaida ziko upande mmoja na seva yetu: pakiti zinapita kwenye prosesa. Likumbuke hilo mtu akikuambia "hii ni hardware, ile ni software".

Hatua ya kwanza: hesabu pakiti. Megabiti ziache kwanza.

Kama tayari una Linux, weka programu ya sysstat, kisha andika sar -n DEV 1. Angalia safu za rxpck/s na txpck/s: pakiti zinazoingia na zinazotoka kwa sekunde. Kwenye MikroTik, fungua Winbox, nenda Interfaces, soma safu za pakiti kwa sekunde. Fanya hivyo kati ya saa mbili na saa nne usiku, si saa nne asubuhi wakati wateja wa majumbani wako kazini.

Kwa nini pakiti? Chukua laini ya gigabiti 1. Ikijaa pakiti kubwa za baiti 1500, zinapita kama 81,000 kwa sekunde. Ikijaa pakiti ndogo kabisa, za fremu ya baiti 64, zinapita 1,488,095 kwa sekunde. Kasi ni ile ile, ila kazi ya prosesa imezidi mara kumi na nane. Ni kama kupakia tani ya viazi kwenye lori pale Uyole: magunia kumi vijana wanamaliza mara moja, lakini ukiwaambia wapakie kiazi kimoja kimoja mtakesha, na uzito haujabadilika. Kwenye gigabiti 10 zilizojaa pakiti ndogo, prosesa ina nanosekunde 67 tu kwa kila pakiti. Chipu ya ruta kubwa hailalamiki hapo. Kerneli ya kawaida ya Linux, kiini kimoja cha prosesa ya kisasa, hupeleka takriban pakiti milioni 1 kwa sekunde, na hupungua ukiongeza ukuta wa moto na NAT (wateja wengi kutumia anwani moja ya nje).

Sasa rudi kwenye namba zako. Wateja wanaotazama video huleta mchanganyiko wa pakiti za wastani wa baiti 700 hivi, kwa hiyo gigabiti 1 ni kama pakiti 170,000 kwa sekunde. Ukikuta uko hapo au mara tatu yake, seva ya kawaida inakutosha na kubaki. Mtu akikuuzia ruta ya bei ya nyumba kwa mzigo huo, mshukuru, umpe chai, umsindikize mlangoni.

Hatua ya pili: mashine.

Tafuta seva yenye prosesa ya mwendo mkubwa. Viini vichache vyenye kasi vinashinda viini vingi vya polepole. Kadi ya mtandao ndiyo usiifanyie ubahili: chukua Intel yenye foleni nyingi, kama X520 au X710 kwa gigabiti 10. Ukiingia BIOS, zima hyperthreading na uweke umeme kwenye hali ya utendaji wa juu. Diski mbili, pawa sapulai mbili.

Neno kuhusu huku kwetu. Kuanzia Novemba mpaka Aprili radi za upande wa Rungwe hazina mchezo, na waya wa shaba unaoshuka kutoka mnarani ndio njia yake. Kati ya mnara na rafu ya seva, pitisha fiba. Kipande cha mita 30 cha fiba na SFP mbili (vichomekwa vya fiba) ni bei ndogo kuliko kadi moja iliyoungua. Baridi ya Mbeya ni rafiki wa seva, vumbi la Septemba ni adui, kwa hiyo feni zisafishwe. Na piga hesabu ya betri: seva iliyotumika hula wati mia moja na zaidi usiku kucha, wakati ruta ndogo inaweza kula robo ya hizo. Umeme ukikatika saa sita usiku, tofauti hiyo unaihisi kabla jogoo hajawika.

Hatua ya tatu: mfumo.

Weka Debian toleo imara, bila mazingira ya picha. Ruhusu kupitisha pakiti: net.ipv4.ip_forward=1, na IPv6 pia, kwenye faili la sysctl (mipangilio ya kerneli) ili ibaki hata ukizima. Kisha kuna vitu vitatu ambavyo mafunzo mengi huviruka, navyo ndivyo vinavyowaangusha watu wiki ya pili.

Cha kwanza, rp_filter, ukaguzi wa njia ambayo pakiti imeingilia. Ukiwa na laini mbili za watoa huduma walio juu yako, pakiti inaweza kutoka huku na jibu kurudi kule. Ikiwa thamani ni 1, Linux inalitupa jibu kimya kimya. Weka 2.

Cha pili, jedwali la majirani, yaani orodha ya vifaa vilivyo kwenye mtandao mmoja na seva. Kikomo cha kawaida cha gc_thresh3 ni 1024. Ukiwa na wateja wengi kwenye mtandao mmoja wa tabaka la pili, mteja wa 1025 anakuwa na bahati nasibu, na kwenye dmesg (ujumbe wa kerneli) unaona neighbour table overflow. Pandisha hadi 8192 au zaidi.

Cha tatu ndicho kibaya zaidi: jedwali la miunganisho ya NAT. Likijaa, dmesg inasema nf_conntrack: table full, dropping packet, na mteja anakwambia "WhatsApp inafanya, kurasa hazifunguki". Soma nf_conntrack_count saa za jioni, linganisha na nf_conntrack_max, kisha ongeza kulingana na RAM uliyonayo.

Hatua ya nne: BGP, lugha ambayo mitandao hutumia kuambizana njia.

Kama una mtoa huduma mmoja tu juu yako, ruka hatua hii. Njia moja ya default (kila kitu kupitia huyo mmoja) inatosha, na usijipe kazi kwa sababu ya sifa. Ukiwa na wawili, na una namba yako ya AS (kitambulisho cha mtandao wako) na anwani kutoka AFRINIC, wagawaji wa anwani za intaneti Afrika, weka programu ya FRRouting, kwa kifupi FRR. Ilitengwa kutoka Quagga mwaka 2017. BIRD ya CZ.NIC ya Jamhuri ya Czech ni nzuri vile vile. Nimechagua FRR kwa sababu amri zake zinafanana na za Cisco na vijana waliosoma vyuoni wanaziweza tayari.

Fungua /etc/frr/daemons, andika bgpd=yes, washa upya. Ingia vtysh. Kwenye skrini natumia AS 64500 na anwani 203.0.113.0/24. Hizo ni za mifano tu, usizitangaze duniani. Weka jirani, kisha andika show bgp summary. Muunganisho umeshika, lakini badala ya idadi ya njia unaona neno (Policy). Hapo wengi huanza kumpigia simu mtoa huduma bure. FRR inakataa kupokea au kutangaza chochote kwa jirani wa nje mpaka uandike sera, kama RFC 8212 ya mwaka 2017 inavyotaka. Andika orodha ya prefiksi (mafungu ya anwani): kutoka, ruhusu anwani zako peke yake. Kuingia, kataa anwani za ndani na kataa anwani zako mwenyewe zinazorudi. Usiweke "permit any" kwenda nje hata kwa majaribio. Ukifanya hivyo na mtoa huduma wako hana kichujio, unageuka kuwa njia ya watu wengine kupitia Mbeya.

Hatua ya tano: wateja.

Kwa PPPoE, ambapo mteja huingia kwa jina na nenosiri, tumia accel-ppp. Hapa kuna mtego. Kadi nyingi haziwezi kusoma anwani za IP zilizofungwa ndani ya PPPoE, kwa hiyo pakiti zote zinaangukia foleni moja na kiini kimoja. Fungua top, bonyeza 1, tazama safu iitwayo "si", ambayo ndiyo kazi ya kushughulikia pakiti. Ukiona kiini kimoja kiko asilimia 100 na vingine vinasinzia, ndiyo yenyewe. Washa RPS ili kerneli igawe kazi, au wahamishie wateja kwenye DHCP (kifaa hupewa anwani chenyewe) bila PPPoE. Mimi napendelea hiyo ya pili kwa mtandao mpya.

Ukibaki na PPPoE, MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) inashuka hadi 1492. Punguza MSS (ukubwa wa data ndani ya pakiti) kwenye nftables, ukuta wa moto wa Linux, la sivyo baadhi ya tovuti zitafunguka na nyingine zitaning'inia. Anwani za ndani za wateja chukua kwenye 100.64.0.0/10, ambayo ilitengwa kwa kazi hii mwaka 2012. Kwa kugawa kasi, CAKE imo ndani ya Linux tangu toleo la 4.19, na hapa ndipo Linux inazipita ruta nyingi za bei ghali: mteja wa megabiti 5 anapakua sinema na bado simu ya video haikatiki.

Hatua ya sita: ipige.

iperf3 itakupa namba tamu kwa sababu inatuma pakiti kubwa. Usiiamini peke yake. Chukua mashine nyingine, weka TRex au pktgen iliyomo ndani ya kerneli, rusha fremu za baiti 64, ongeza polepole mpaka ianze kudondosha. Iandike namba hiyo ukutani. Ndiyo itakayokwambia utavumilia shambulio la ukubwa gani, maana anayekushambulia anaweza kutuma pakiti ndogo tupu.

Sasa uamuzi. Kilele chako cha jioni kikiwa chini ya robo ya namba ile, baki na Linux. Nunua seva ya pili iliyo sawa nayo, weka VRRP kati yao (moja ikifa nyingine ipokee) kwa keepalived, na vipuri vyako unavipata mjini bila kusubiri mzigo kutoka Dar. Milango ya gigabiti 10 ikianza kujaa, au ukishambuliwa mara kwa mara, nunua chipu, lakini iachie kusukuma pakiti tu. PPPoE, NAT na CAKE zibaki kwenye seva.

Na ukiletewa ruta kubwa ya mtumba kwa bei ya kuvutia, uliza swali moja: jedwali la njia lililo ndani ya chipu yake linabeba njia ngapi? Tarehe 12 Agosti 2014 njia za IPv4 duniani zilivuka 512,000, na ruta nyingi zilizokuwa na kikomo hicho zikayumba siku ile ile. Leo njia zimepita 900,000. Ruta ya namna hiyo bado ni nzuri kwa mtu wa default. Kwa jedwali zima ni chuma chakavu, wakati seva yetu inalibeba kwa RAM ya kawaida bila kutoka jasho.

Kabla ya kuhamisha wateja, wape taarifa, chagua Jumapili saa kumi na moja alfajiri, acha ruta ya zamani ikiwa imewashwa pembeni. Hamisha mnara mmoja, anza na wenye wateja wachache. Ukikaa sawa siku mbili, chomoa waya wa umeme wa seva ya kwanza, uone ya pili ikipokea, huku ping inaendelea kwenye simu yako. Pakiti mbili tatu zikipotea kisha ikaendelea, hamisha minara iliyobaki. Amri zote nimeziweka kwenye maelezo chini ya video.