Walionifundisha Kusimama Mbali na Mizani

Mwangaluka! Haya, mmeitika nusu ya ukumbi. Kwa mliotoka nje ya Usukuma, habari za asubuhi.

Wanangu mnaosomea ushirika na uhasibu, nimeombwa niwashukuru walionilea kazini. Nimekubali, ila nimejiwekea sharti: simsifu mtu. Kwenye sherehe za kustaafu tumesikia mno kwamba fulani alikuwa mcheshi, mtu wa watu, asiye na makuu. Ukitoka pale hujui hata alikuwa anafanya kazi gani. Mimi nitataja walichokifanya nikakiona.

Nilianza mwaka 1974, karani wa chama cha msingi, yaani chama cha ushirika cha wakulima wenyewe kijijini, upande wa Magu. Msimu umefunguliwa, wakulima wako kwenye foleni tangu alfajiri, magunia ya pamba yamejaa hadi chini ya miembe. Katibu wa chama, mzee mwembamba wa kandambili, hakunipa kitabu cha stakabadhi. Alinipeleka kwenye mizani, akanirudisha nyuma hatua kadhaa, akasema, "Kazi yako inaanzia hapo ulipo. Usisogee."

Nieleze, maana wengi wenu mmekuta mizani ya kielektroniki. Yetu ilining'inia kwenye boriti, ina uso wa duara na mshale, na chini yake ndoano ya kutundikia gunia. Karani akisimama karibu, goti lake linatosha kuliinua gunia kidogo tu kwa chini, mshale unarudi kilo mbili tatu, mkulima hana habari. Wapo waliotegesha mshale nyuma ya sifuri kabla gunia halijapanda. Wapo waliokula nusu kilo kila wanapopima: "Nusu haiandikwi, mama." Zikusanye nusu hizo kwa foleni ya siku nzima uone zinajaza nini, na kila moja ina mwenyewe.

Mzee wangu alianza kila asubuhi na jiwe la mizani ambalo uzito wake unajulikana. Linatundikwa mbele ya watu, mshale unasomwa kwa sauti. Asiyejua namba aliambiwa aje na mtoto wa shule. Namwona hadi leo binti mmoja akimsomea bibi yake, "Thelathini na saba," na mzee anageuka kwa bibi: "Umeridhika?" Kalamu haijagusa karatasi bado. Bibi akiitikia ndipo inaandikwa, nakala inachanwa, bibi anaifunga kwenye pindo la khanga.

Na daraja la pamba, yaani ubora wake, alinifundisha kulipima kwa mkono. Pamba nzuri hupangwa juu ya gunia, hilo kila mtu analijua. Kwa hiyo unazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, unachomoa ya katikati, mbegu unaitia mdomoni unaing'ata. Ikilia ka! imekauka. Ikibonyea, kuna mtu amemwagia maji ili iongezeke uzito. (Msimu ule nilikula ugali upande mmoja wa mdomo.) Aliyetia maji au mchanga hakutukanwa. Alirudishiwa gunia lake, akaonyeshwa kivuli, akaanike na kuchambua upya. Mzee alikuwa mkali pande zote mbili za mizani, na ndiyo maana wakulima walimwamini.

Siku moja nikamwuliza alijifunzia wapi. Akasema ujana wake alijitolea kwenye magulio kuwapimia wakulima wenzake kabla hawajafika kwa mnunuzi. Hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye alikuwa na walimu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 pamba ya Kanda ya Ziwa ilinunuliwa na wafanyabiashara binafsi, na kilio kikubwa cha mkulima kilikuwa mizani. Mwaka 1952 Paul Bomani na wenzake walianzisha umoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa hiyo ya wapimaji huru. Bomani hakuwa hata na miaka 30. Akaenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika, na mwaka 1955 likasajiliwa shirikisho la vyama vya ushirika lililoitwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Baadaye alikuwa Waziri wa Fedha, tena balozi wetu Marekani. Wengi wenu mkisikia jina lake mnakumbuka uwaziri. Mimi nakumbuka mizani, ingawa sikuwahi kufanya kazi chini yake.

Sasa, shukrani isitufumbe macho. Ushirika huohuo uliozaliwa kwa sababu ya wizi wa mizani ulikuja kulalamikiwa na wakulima wenyewe, hadi serikali ikaunda kamati maalumu ya kuuchunguza mwaka 1966. Makarani wetu nao walikuwa na magoti. Ndiyo maana mzee hakuchoka kunirudisha nyuma.

Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, vile vilivyounganisha vyama vya msingi. Nilikuwa nimehamia mjini hapa Mwanza, chini ya mama mmoja mhasibu ambaye ripoti yangu haikuwahi kupita mezani kwake bila alama ya kuuliza kwa penseli nyekundu. Wakati wengine wanahangaikia nani atapangwa wapi, yeye alitufungia ofisini tunakili majina ya wanachama, hisa zao, nani anadai na nani anadaiwa. "Chama kinavunjwa," alisema, "deni la mkulima halivunjwi." Tulimnung'unikia kweli. Sheria ya mwaka 1982 iliporudisha ushirika, watu walianza kuuliza, "Hisa zangu ziko wapi?" Kwetu daftari lilikuwepo. Soko la pamba lilipofunguliwa mwaka 1994 na wanunuzi binafsi wakarudi, nilikuwa nimeshajifunza kwake kwamba swali la kwanza si nani mnunuzi, ni nani ameshika kumbukumbu.

Yupo pia meneja aliyenipitishia barua ya kwenda Chuo cha Ushirika Moshi. Hatukupendana, wala hatukujifanya. Lakini nafasi ilikuwa moja, ndugu yake mwenyewe aliiomba, akanipa mimi. Huyo namshukuru kama wengine.

Mzee wa Magu ametangulia mbele za haki. Mama mhasibu yupo, anaishi Nyegezi. Juzi nilimsomea maneno haya kwenye simu, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nifute sentensi mbili zilizomsifu. Nimezifuta.

Tuingie kwenye maswali. Wewe kijana wa nyuma umenyoosha mkono tangu nilipotaja mizani ya kielektroniki. Kama unataka kusema hiyo haina pa kuweka goti, njoo mbele tubishane.