Panga kongamano lako kabla hujapanda basi

Karibu, mtazamaji. Leo tunapanga safari ya kongamano la taaluma, hapa hapa mezani. Nimechukua mfano wa mhandisi kijana wa mamlaka ya maji ya wilayani, anayetaka kwenda Arusha kwa siku tatu. Wewe unaweza kuwa muuguzi, mhasibu, mkutubi au afisa kilimo, kazi ni ile ile. Mezani nina ratiba ya kongamano iliyochapishwa, kalamu mbili za rangi, daftari dogo na simu.

Ratiba iweke pembeni kwanza. Fungua daftari, ukurasa wa mwanzo kabisa, uandike jambo moja lililokukwamisha kazini. Moja tu. Sogea uone alichoandika mhandisi wetu: "Tunajaza tenki usiku, alfajiri limeshuka nusu, na mita za wateja hazionyeshi maji yamekwenda wapi. Tuanze kutafuta upande gani?" Angalia hakuandika "kuongeza uelewa kuhusu upotevu wa maji." Maneno hayo yana nafasi yake kwenye barua, lakini ukimtajia mtu wakati wa chai atakuitikia kwa kichwa na kuendelea na sambusa yake. Ukimwambia habari ya tenki linaloshuka usiku, mhandisi mwenzako atavuta kiti akuulize bomba la umri gani.

Swali likishapatikana, sasa twende kwenye fedha, maana hapa ndipo safari nyingi zinapofia. Mwaka wa fedha wa serikali, Tanzania, Kenya na Uganda, unaanza tarehe 1 Julai. Kongamano la Septemba linatakiwa liwe limeingia kwenye bajeti iliyoandaliwa miezi kadhaa kabla ya Julai hiyo. Ukikumbuka Agosti, itabidi fedha yako itafutwe kwenye vifungu vya wenzako, na jina lako litakuwa la kwanza kukatwa. Kwa hiyo uliza mapema: kongamano la mwakani litakuwa mwezi gani, mji gani, na ada ya ushiriki inapanda lini? Makongamano mengi huwatoza kidogo wanaojisajili mapema.

Dokezo la kuomba ruhusa liwe ukurasa mmoja. Weka ada, nauli, posho ya kujikimu, na jina la mtu atakayeshika kazi zako. Halafu weka kile ambacho wengi hawaweki: tarehe utakayowaeleza wenzako ulichokipata. Ikiwa taaluma yako ina bodi, kama wahandisi na ERB (bodi ya usajili wa wahandisi) au wahasibu na NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu), taja pia kwamba mahudhurio yanahesabiwa kwenye mafunzo endelevu, ila hakikisha kwanza kongamano hilo linatambuliwa na bodi yenyewe.

Unajilipia mwenyewe? Wapo wengi. Waandikie waandaaji uulize kama kuna ada nafuu kwa vijana au wanafunzi, au kama wanahitaji watu wa kujitolea mapokezini. Na ukitaka kuwasilisha mada, usidhani watoa mada wanaingia bure. Mara nyingi nao wanalipa.

Usafiri nitaupitia haraka. Ukienda Arusha kwa ndege, soma tiketi vizuri: JRO ni Kilimanjaro, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini, na ARK ni uwanja mdogo wa Arusha pale Kisongo. Aliyekuja kukupokea Kisongo hatakuona ukishukia Kilimanjaro. Kwa basi kutoka Dar es Salaam hesabu siku nzima ya barabarani, na ufike siku moja kabla. Kongamano likiwa Dodoma, tangu 2024 kuna treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa, kutoka Dar es Salaam. Tafuta chumba unapoweza kutembea kwa miguu hadi ukumbini, hata kama ni cha kawaida tu, kwa sababu mazungumzo ya jioni humpita anayewahi gari. Na kama umezoea joto la pwani, beba sweta. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai asubuhi zake hazina utani.

Haya, sasa ratiba. Hapa tukae.

Chukua kalamu ya kijani. Pita ratiba nzima, ukizungushia mada zinazogusa swali lako tu. Usizungushie kwa sababu mtoa mada ana cheo kikubwa. Mada mbili za kijani zikigongana kwa wakati mmoja, angalia ipi itapatikana kwa maandishi baadaye, halafu uende kwenye ile nyingine. Kalamu nyekundu ni ya vipindi unavyoweza kuviacha bila hasara. Viweke vya kutosha, kwa sababu muda wa kuongea na watu utautoa humo.

Sasa tazama asubuhi ya siku ya kwanza, hapa ninapoweka kidole. Ufunguzi ni saa tatu hadi saa nne na nusu. Mada ya kwanza ya kitaalamu inafuata saa nne na nusu. Mgeni rasmi akichelewa, na hotuba ya kumkaribisha ikazaa hotuba nyingine ya kumkaribisha anayemkaribisha, dakika zinazokatwa ni za huyu mtoa mada wa saa nne na nusu. Ataambiwa "malizia kwa dakika tano," atarukaruka picha zake, na lile jedwali ulilolitaka hutaliona. Mtu wa namna hii mzungushie mara mbili. Amesafiri na mambo mengi ambayo hakuyasema, na ukimfuata kwenye chai ukamwambia "naomba unionyeshe lile jedwali ulilolipita," atafungua kompyuta yake papo hapo.

Angalia na majina ya kumbi. Kituo cha mikutano cha AICC pale Arusha kina majengo matatu yaliyounganishwa, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, na ukumbi mkubwa ni Simba. Ratiba inaweza kukuonyesha mada mbili zinazofuatana kama vile ziko mlango kwa mlango, kumbe kuna ngazi na korido ndefu, na katikati yake kuna watu unaowafahamu. Acha dakika kumi kati ya duara moja na jingine.

Baada ya mada, tunachagua watu. Watatu wanatosha. Soma ikisiri, yaani muhtasari wa mada zao, na taasisi walikotoka, utafute aliye karibu na tatizo lako zaidi ya aliye maarufu. Wiki mbili kabla, mtumie kila mmoja ujumbe wake. Usitume ujumbe mmoja kwa wote, maana wanafahamiana na wataonyeshana. Huu ni wa mhandisi wetu, nausoma kama ulivyo:

"Shikamoo Mhandisi. Nafanya kazi mamlaka ya maji ya wilaya, kitengo cha usambazaji. Nimeona siku ya pili utazungumzia kugawa mtandao wa mabomba kwa kanda. Sisi tuna tenki moja linalohudumia kata tatu, na usiku maji yanapotea hatujui wapi. Naomba dakika kumi za chai ya siku hiyo nikuonyeshe ramani yetu. Nikikukuta na wageni, nitasubiri."

Amejitambulisha, ametaja mada yenyewe, ameeleza shida kwa sentensi moja, ameomba kitu kidogo chenye saa yake. Na amemwachia mkubwa nafasi ya kuwa na wageni. Kama hujui rika la mtu, "habari za kazi" inatosha. Asipojibu, usimpigie. Siku ile atakukumbuka ukitaja tenki.

Ramani uliyoahidi ichapishe kwenye karatasi moja ya A4. Simu huzima, na kioo chake hakitoshi watu wawili kuinamia. Msimbo wako wa QR wa WhatsApp uuhifadhi mahali unapofikika haraka, msije mkatafutana namba huku beji zimegeuka nyuma.

Jambo jingine la kupanga mkiwa bado ofisini: kama mnakwenda watano, gawaneni mada na gawaneni meza za chakula. Watano wa ofisi moja wakila meza moja siku tatu, mwajiri amelipia posho tano kwa mazungumzo ambayo yangefanyika bure kwenye gari la kazini. Kutaneni jioni, robo saa, kila mmoja aseme jambo moja alilolisikia.

Daftari nalo lipange kabla. Ukurasa wa kushoto ni wa yaliyosemwa ukumbini. Wa kulia andika majina: nani kaniambia nini, nimemwahidi nini, yeye kaniahidi nini. Uchukue muda kabla ya kulala uujaze ule wa kulia, kwa sababu siku ya tatu sura zinaanza kuchanganyika. Na usiondoke bila kusaini kitabu cha mahudhurio kila siku. Cheti ukikipokea, kisome papo hapo, jina liwe sawasawa na lilivyo kwenye usajili wa bodi. Kurekebisha herufi moja ukiwa dirishani ni dakika mbili. Ukiwa umesharudi kituoni kwako, ni barua pepe za mwezi mzima.

Tumalizie na bahasha hii. Iandike "Arusha" leo, uitie kwenye begi. Tiketi ya basi au kipande cha kupandia ndege, risiti ya ada, risiti ya chumba, vyote viingie humo siku ile ile unapovipata. Kama ulichukua masurufu, yaani fedha ya safari uliyopewa kabla, mhasibu atavitaka utakapoyarejesha, na karatasi za risiti za mashine hufutika zikikaa juani kwenye dashibodi, kwa hiyo zipige picha pia. Halafu fungua kalenda ya simu uweke mambo mawili sasa hivi: asubuhi ya kwanza ukiwa ofisini, ujumbe wa asante kwa wale watatu, kila mmoja na kile ulichomwahidi kikiwa kimeambatishwa, na siku ile uliyoitaja kwenye dokezo, nusu saa na wenzako wa kitengo, ramani ikiwa mezani pamoja na alama za kalamu alizoziweka yule mhandisi wa siku ya pili.