Azimio 181, na Eldoret Iliyoponea Chupuchupu

CHEBET: Salim, sauti imenikauka. Wikendi nzima tulikuwa nyumbani tunagawana shamba la marehemu babu. Mpimaji kapiga bikoni zake, kumbe kisima kimeangukia kwa baba mdogo. Tayari ameshakizungushia seng'enge.

SALIM: Pole, dada. Umekuja siku yake, maana leo ni Azimio 181. Novemba 29, 1947, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa linaigawa Palestina: dola ya Wayahudi, dola ya Waarabu, na Yerusalemu iwe chini ya Umoja wenyewe. Kura 33 za ndiyo, 13 za la, 10 hazikuegemea popote. Waingereza, waliokuwa wakiitawala, wakajificha kwenye hizo kumi. Nina mafunzo matatu...

CHEBET: Kabla ya mafunzo, Eldoret.

SALIM: Ehe, tumeanza!

CHEBET: Najua kila kitu nakipeleka Eldoret, lakini leo nina haki. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwaambia Wazayuni, wale Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, wachukue ardhi Uasin Gishu, hukohuko kwetu Eldoret.

SALIM: Si ule mpango wa Uganda?

CHEBET: Uganda jina tu. Mpaka ulishahamishwa 1902, Uasin Gishu ikawa upande wa Kenya ya leo. Herzl, kiongozi wa Wazayuni, akaupeleka mkutanoni kwao Basel, Uswisi, wajumbe wa Urusi wakatoka ukumbini. Hata hivyo wakatumwa watu watatu kuja kukagua, na 1905 mkutano ukakataa.

SALIM: Kwa hiyo leo ningekuja kwenu na pasipoti.

CHEBET: Na mursik, maziwa yetu ya mgando, mngeilipia ushuru. Cheka, lakini Mnandi gani aliulizwa? Sisi tulikuwa vitani na Waingereza haohao. Kiongozi wetu, Koitalel arap Samoei, aliuawa mwaka huohuo, 1905.

SALIM: Hilo nakupa. Ila 1947 Waarabu walifikiwa. Tume ya Umoja wa Mataifa ilikwenda hadi huko, Kamati Kuu ya Waarabu wa Palestina ikaisusia. Kwangu mimi, wangeukubali mgawanyo. Kufikia 1949 Israeli ilishika kama asilimia 78 ya nchi.

CHEBET: Wakubali nini? Wayahudi walikuwa thuluthi ya watu, wakapewa zaidi ya nusu ya ardhi. Na ndani ya hiyo dola yao, karibu nusu ya wakazi ni Waarabu!

SALIM: Ningekubali huku nimeuma meno.

CHEBET: Ukishakubali, umekiri kwamba wa mbali ana haki ya kukugawia kwako.

SALIM: Haki bila nguvu ni karatasi.

CHEBET: Azimio lenyewe lilikuwa karatasi! Nani alilitekeleza? Mapigano yalianza kesho yake.

SALIM: Hapo hatukubaliani, Chebet.

CHEBET: Tusikubaliane. Sibanduki.

SALIM: Wala mimi. Aa, fundi ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili!

CHEBET: Na mafunzo yako matatu?

SALIM: Yameliwa na Eldoret. Angalau niseme Afrika ilivyopiga kura: Liberia ndiyo, Afrika Kusini ndiyo, Misri la, Ethiopia haikuegemea popote.

CHEBET: Wanne tu?

SALIM: Wanne tu. Wengine tulikuwa bado tunatawaliwa.

CHEBET: Sasa si hilo ndilo tungeanza nalo!

SALIM: Nilikuwa nalo kwenye karatasi, dada, ukaingia na mursik.