Maikrowevu Chini ya Kitambaa

Mhadhara wa mapishi kwa akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Nyinyi wadogo zangu, marahaba hata kabla hamjaniamkia. Naona na akina baba wanne wamejibanza pale mlangoni. Karibuni mbele, viti vya huku havina miiba.

Nianze na kitambaa. Nimeingia nyumba nyingi za mji huu, na kila ninapoikuta maikrowevu, naikuta imevishwa kitambaa cha kudarizi, juu ya kitambaa pana maua ya plastiki, na juu ya maua pana vumbi. Ukiuliza kazi yake unaambiwa, "Ya kupashia kiporo, mwalimu." Na kiporo chenyewe ukikionja, pembeni kinaunguza ulimi, katikati bado kina baridi ya friji, na punje za wali zimekauka kama mchele. Lawama zote inabebeshwa mashine. Mimi nimefundisha sayansi kimu mpaka nikastaafu, na leo nimekuja kuitetea. Si kwa kila kitu. Mengine haiyawezi na nitayasema hadharani. Lakini kesi zake nyingi ni za kusingiziwa.

Hapa mezani nina sahani mbili za wali wa jana, uzito mmoja. Hii ya kwanza nimeurundika mlima kama tunavyopakulia mgeni, na naiingiza wazi hivi hivi. Dakika mbili. Hii ya pili wali nimeusukuma pembeni ukawa kama bangili, katikati pana tundu. Nimenyunyizia vijiko viwili vya maji, nimeufunika kwa sahani nyingine ya udongo. Nayo dakika mbili, kisha itakaa dakika moja mezani bila kufunuliwa. Mama mwenye kanga ya kijani, njoo utie kidole.

Anasema mlima huu juu ni moto, chini kwenye kitovu ni baridi. Haya, funua ya pili. Umeona mvuke? Tia kidole katikati, kwenye tundu, halafu pembeni. Sawasawa. Onja. Anatikisa kichwa, hataki kusema, lakini anarudia kuonja.

Mashine ni ile ile, dakika ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba sahani ya pili imepangwa na mtu anayejua kilichomo ndani ya hili sanduku.

Humu hamna moto. Nyuma ya hivi vibonyezo kuna kifaa kinaitwa magnetroni. Hicho kinatoa mawimbi ya ukoo mmoja na ya redio na ya simu zenu, yanayogeuka mara bilioni 2.45 kila sekunde. Sasa maji, kila molekuli yake ina upande chanya na upande hasi. Wimbi likigeuka, nayo inataka kugeuka. Kabla haijatulia wimbi limeshageuka tena. Zinasukumana, zinagongana, kama watu kwenye mlango wa daladala saa kumi na mbili jioni. Joto linatoka kwenye huko kugombana. Ndiyo maana kikombe kikavu cha udongo hakipati moto wa maana, ila chai iliyomo inachemka.

Na mtu asiwadanganye kwamba inapika kuanzia ndani kuja nje. Mawimbi yanapenya sentimita mbili tatu tu kwenye chakula chenye majimaji. Kupita hapo, joto linatembea lenyewe taratibu, kama kwenye sufuria. Mlima wa wali una kitovu ambacho mawimbi hayakifikii. Bangili haina kitovu. Hiyo ndiyo siri yote ya sahani ya pili, pamoja na maji niliyonyunyizia, maana wali uliolala kwenye friji umeshapoteza unyevu wake na mashine hii inatafuta maji. Isipoyapata mengi, inayamaliza hayo machache, na unabakiwa na changarawe.

Kuna jambo la pili, na hili napenda kulionyesha kuliko kulieleza. Nina papadi hapa, vile viduara vyembamba vikavu vya maduka ya Wahindi. Natoa hii sahani ya kioo na kigurudumu chake ili kitu chochote kisizunguke, naweka papadi mbili juu ya kadibodi. Nusu dakika… inatosha. Zipitisheni mkononi, msizile kwanza. Mnaona hapa pameumuka pakawa peupe, hapa pabichi kabisa, hapa tena peupe? Mawimbi yanagonga kuta za chuma, yanarudi, yanakutana na wenzake. Mahali pengine yanaongezana nguvu, mahali pengine yanauana. Mwenye rula apime kutoka katikati ya doa jeupe hadi la jirani yake: mara nyingi ni kama sentimita sita, nusu ya urefu wa wimbi lenyewe, ambao ni sentimita kumi na mbili. Sahani inazunguka ili chakula kipite kwenye madoa yote. Lakini kile kilichokaa kwenye kitovu cha sahani hakipiti popote, kinajizungukia palepale! Kwa hiyo kikombe kimoja, kiazi kimoja, kiweke pembeni ya sahani. Tangu nimeolewa naona watu wanakiweka katikati, kwa heshima.

Aliyegundua haya hakuwa mpishi. Magnetroni ya namna hii ilitengenezwa kwa ajili ya vita: mwaka 1940, Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, John Randall na Harry Boot walipata ile yenye nguvu ya kuendeshea rada za kusaka ndege. Mwaka 1945 Mmarekani Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon, mtu ambaye shule aliiacha mapema, akiwa karibu na magnetroni inayofanya kazi akakuta peremende ya mfukoni imeyeyuka. Akajaribu bisi, zikaruka. Mashine ya kwanza kuuzwa, ya mwaka 1947, ilikuwa ndefu karibu kama mwanamume mzima na ilikuwa na uzito wa kilo 340 hivi. Ya kuweka juu ya meza ya jikoni ilikuja 1967. Yatosha historia, samaki ananingoja.

Samaki ni yule anayeitwa changu, nusu kilo, ameparwa na kuchanjwa. Jana usiku nimempaka ndimu, chumvi, kitunguu saumu na bizari. Bakuli la kioo, tui zito juu yake, bamia nne pembeni. Nafunika, naacha upenyo mdogo wa mvuke. Na sasa angalieni kidole changu: siendi kwenye nguvu zote, naenda nusu. Dakika tisa.

Sikilizeni. Inanguruma… kimya… inanguruma tena. Taa inawaka na sahani inazunguka muda wote, ila magnetroni inazimwa na kuwashwa. Kwenye mashine nyingi, nusu ya nguvu maana yake ni hiyo: kazi kidogo, pumzika kidogo. Katika kupumzika, joto la pembeni linapata nafasi ya kuingia ndani. Hiki kibonyezo ndicho ambacho hakuna anayekigusa. Ninyi wote mnapika kwa nguvu zote, kisha mnashangaa tui limekatika na samaki amepasuka.

Ndivyo na kuyeyusha kuku wa friji. Barafu ni maji yaliyofungwa mikono, hayawezi kugeuka, mawimbi yanayapita tu. Lakini tone moja likishayeyuka linadaka mawimbi yote, linachemka wakati jirani yake bado jiwe. Ndipo unakuta paja limeiva na kifua kinagonga kama tofali. Tumia ile alama ya kuyeyushia, mgeuze mara mbili tatu, na ukimtoa mpike siku hiyo hiyo. Usimrudishe kwenye friji.

Mama pale dirishani ameinua mkono. Anauliza ugali. Unawezekana, mama yangu. Unga kikombe, maji vikombe viwili, koroga baridi, dakika tatu, toa usonge, dakika mbili tena, songa. Mwanafunzi wa chuo aliye peke yake chumbani ataushukuru. Mimi nimeupika mara mbili kwa uchunguzi, na mara ya tatu nimewasha gesi. Kwa watu sita ni usumbufu.

Na wali wenyewe wa kuanzia mchele unaiva vizuri, ila hautakupa ukoko. Hili naliona ni pigo! Kule kwetu watoto waligombea ukoko wa wali wa nazi. Lakini ukoko unataka zaidi ya nyuzi 140 za joto, na chakula chenye maji, humu ndani hakivuki sana 100. Kwa sababu hiyo hiyo sahau chapati, sahau mishikaki, sahau vitumbua. Na maharage yasiwasumbue: yanataka muda, na muda wake haufupiki kwa sababu maji yanachemka kwa joto lile lile. Utaunguza umeme bure.

Inachokiweza, inakiweza kweli. Mchicha uliooshwa, na maji yaliyonasia majanini tu, dakika tatu umefunikwa, unatoka kijani kibichi na vitamini C haijamwagwa pamoja na maji ya kuchemshia. Kiazi kitamu kimoja, ukitoboe kwa uma sehemu nane, dakika sita. Karanga kikombe kimoja zilizotandazwa kwenye sahani, dakika moja, koroga, dakika moja, koroga, mpaka unusie harufu. Karanga zina mafuta, zikishapoteza maji zinapanda joto na kubanika, ndiyo maana zinaungua ghafla usipoangalia. Ndimu kavu ya dukani, sekunde kumi na tano, inakamulika kama ya msimu. Nazi iliyokunwa ikitiwa maji na kupashwa nusu dakika kabla ya kukamuliwa, tui la pili linatoka zito. Hili la nazi peke yake lingetosha kuitoa mashine chini ya kitambaa.

Gharama? Mashine iliyoandikwa wati 700 inavuta ukutani karibu 1,200. Dakika tano ni sehemu ya kumi ya yuniti ya LUKU. Ukilipa shilingi 356 kwa yuniti, hiyo ni shilingi 36. Linganisheni wenyewe na kuwasha jiko la mkaa kwa ajili ya kikombe kimoja cha uji. Ila usiichomeke kwenye ile waya ya kuunganisha yenye friji, pasi na chaja tatu.

Nilijua litakuja swali la saratani. Sikilizeni mama zangu. Mawimbi haya yanapasha joto, basi. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za urithi kama mionzi ya eksirei. Ukizima mashine yamekwisha, kama taa ukiizima mwanga haubaki ukutani, na chakula hakitoki na mionzi. Huu wavu kwenye kioo cha mlango, vitundu vyake ni vidogo mno kwa wimbi la sentimita kumi na mbili. Kidogo kinachovuja ndicho kinachokwamisha video za watoto, maana intaneti ya nyumbani isiyo na waya mara nyingi inatumia masafa yale yale. Lakini mlango uliopinda au usiofunga sawasawa, hapo acha kutumia, mwite fundi. Usifungue mwenyewe hata kama umechomoa waya: ndani kuna kifaa kinachohifadhi volti elfu kadhaa na kinaua.

Ninachokiogopa mimi ni yai. Nilipopata maikrowevu yangu ya kwanza nilichemsha yai na ganda lake, nikajisifu halikupasuka. Nililiweka mezani, nikaligusa na kijiko, likalipuka. Kiini kilifika kwenye kalenda ya ukutani. Miye nina bahati nilivaa miwani. Na maji matupu kwenye kikombe laini yanaweza kupita nyuzi 100 bila kutoa povu, kisha ukitia majani ya chai yanakurukia usoni. Weka kijiti cha mbao ndani kabla ya kuwasha. Chupa ya maziwa ya mtoto usiipashe humu: chupa iko vuguvugu mkononi, maziwa ya katikati yanaunguza.

Vile vikombe vya harusi vyenye mstari wa dhahabu mdomoni, viacheni kabatini, vitatoa cheche. Na cheche zikitoka bila chuma chochote ndani, msiuze mashine kwa bei ya kutupa. Tazameni hapa kulia, hiki kikaratasi cha rangi ya maziwa. Ni maika, madini ya tabaka nyembamba kama karatasi. Mafuta yakirukia na kuganda hapo, panaungua, panatoa cheche. Kinabadilishwa na fundi kwa fedha ndogo, na ukikifuta kila wiki kwa kitambaa chenye ndimu hutahitaji hata kumwita fundi.

Imelia. Hapana, rudini mkae. Samaki bado anaiva humo ndani, joto linamalizia safari yake. Dakika tatu, amefunikwa. Mimi nilipokuwa kijana nilikuwa nafunua palepale, na kila siku nilikula samaki mbichi mgongoni. Baba mwenye kofia, wewe shika saa.

Tayari? Haya, nafunua. Tui halijakatika. Natia uma hapa mgongoni, pale pazito… nyama inaachia mfupa. Nani ana sahani?