Ndimu Ni Ileile, Ulimi Ndio Umechezewa

Ndugu zangu, hiyo sahani ya ndimu ipitisheni, kila mtu alambe kipande. Msikunje uso mapema. Tunda lenyewe ninalolizungumzia leo, tunda la miujiza, sikuweza kuwaletea, maana likishachumwa siku mbili tatu tu limeharibika, na kwao ni mbali.

Kwao ni Afrika Magharibi: Ghana, Benin, Nigeria. Wayoruba wanaliita agbayun. Mti wake ni mfupi, hauna haraka ya kukua, na unataka udongo wenye tindikali. Ni wa jenasi moja, yaani ukoo wa karibu, na mti wa msolo wa misitu yetu ya Usambara, kwa hiyo si mgeni kabisa. Tunda ni jekundu, ukilitazama utadhani buni iliyoiva, ila limerefuka kidogo. Ndani kuna kokwa moja kubwa na nyama kiduchu. Ukilila hivihivi utauliza sifa zote zimetoka wapi, kwani utamu wake ni hafifu. Lakini izungushe ile nyama mdomoni dakika moja au mbili, tema kokwa, halafu uma ndimu. Utadhani unakula chungwa lililokolezwa sukari.

Mfaransa Chevalier des Marchais alikuta watu wakilitumia huko mnamo mwaka 1725. Mwaka 1852 daktari Mwingereza, W. F. Daniell, akaliandikia makala na kuliita tunda la miujiza. Wenyewe walikuwa wakilitafuna kabla ya kula mkate wa nafaka uliochachuka, au kunywa tembo la mchikichi lililokaa mpaka likawa kali. Hapa sisi uji ukichachuka tunaongeza sukari. Wao hawakuugusa uji, walianza na ulimi.

Na hapo ndipo siri ilipo. Mwaka 1968 Kenzo Kurihara na Lloyd Beidler, wakiwa Marekani, waliitenga protini ya tunda hili, nayo ikaitwa mirakulini. Protini hii hung'ang'ania vipokezi vya utamu vilivyo ulimini. Mdomo ukiwa hauna ukali, imekaa kimya. Asidi ya ndimu ikiingia, inabadilika umbo na kuviamsha vile vipokezi, navyo vinapeleka habari kwenye ubongo: sukari! Ukimeza, mate yakaondoa ukali, inanyamaza tena. Uma ndimu nyingine, inaamka. Mchezo huo unaweza kuendelea saa nzima. Pilipili itawasha kama kawaida, kwinini itabaki chungu, na ugali utabaki ugali.

(Mama mmoja aliuliza kama linawafaa wenye kisukari.)

Mama, swali zuri. Kwa mtu anayekwepa sukari, kupata utamu bila sukari ni nafuu, na Japani wapo wanaolitumia hivyo. Wapo pia wagonjwa wa saratani ambao dawa zimewaachia ladha ya chuma mdomoni, wakalijaribu ili chakula kipite. Lakini si dawa ya kisukari, na mtu asiache vidonge vyake. Halafu kuna jambo watu hulisahau: asidi haijaenda popote. Ulimi umechezewa, tumbo halijui. Mwenye vidonda vya tumbo akila ndimu kumi kwa raha, usiku atakesha. Na meno nayo yanalika vilevile.

Biashara yake imesuasua. Marekani kampuni moja iliwekeza humo, lakini mwaka 1974 mamlaka ya chakula ikasema hicho ni kiongezi cha chakula, kipimwe kwanza. Kampuni ikafa. Umoja wa Ulaya umeliruhusu tunda lililokaushwa mwaka 2021 tu.

(Kijana wa nyuma: "Kwenye chai je, mwalimu?")

Ukilipika, basi tena. Moto unaiharibu ile protini. Na hata ukilitafuna kabla, chai ya rangi haina ukali wa kuiamsha. Kamulia ndimu, iache ipoe kidogo, hapo sawa.