Njia Tatu, Mwenyewe Mmoja

Ndugu wasikilizaji, tuanze na tarehe 4 Oktoba 2021. Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita. Hazikudukuliwa. Mafundi wa kampuni inayozimiliki zote tatu, Facebook (leo inaitwa Meta), wakiwa kwenye matengenezo ya kawaida, walitoa amri ya kupima uwezo wa mtandao unaounganisha vituo vyao vya data, na amri hiyo ikakata viungo vyote. Programu ya kuzuia makosa ya namna hiyo ilikuwepo, ila nayo ilikuwa na hitilafu. Seva, yaani kompyuta, zinazoelekeza simu kwenye anwani za kampuni zilipoona hazivifikii vituo, zikaacha kujitangaza kwenye intaneti, kama zilivyoundwa. Simu ikiuliza facebook.com iko wapi, hakuna wa kujibu. Mafundi ikabidi waende vituoni wenyewe, maana hata zana zao za kazi zilitegemea mtandao uleule.

Zote zilianguka pamoja kwa sababu mwenyewe ni mmoja: Instagram ilinunuliwa 2012, WhatsApp 2014. Aliyedhani ana njia tatu alikuwa na moja. Na aliyezoea kuingia kwenye huduma nyingine kwa akaunti yake ya Facebook alikwama huko pia. Hili watu hulisahau.

Mtazame mfanyabiashara mwenye wafuasi elfu kumi Instagram. Ana namba za simu za wangapi? Mara nyingi hana hata moja. Kwenye kundi la WhatsApp kuna nafuu: fungua orodha ya wanakikundi, hifadhi namba moja moja kwenye simu, kisha nakili zile muhimu daftarini. Ndiyo, daftari la karatasi. Chati yenye oda au makubaliano itoe kama faili la maandishi, ujitumie kwa barua pepe. Mkubaliane mapema pia kwamba WhatsApp ikigoma, mnahamia meseji za kawaida.

Lakini kuzimika kwa dunia nzima ni nadra. Cha kila siku ni mtu mmoja kuporwa akaunti ya WhatsApp: anapigiwa simu, anaombwa "namba iliyokuja kimakosa" kwenye meseji, kumbe ndiyo ya kufungulia akaunti yake kwenye simu nyingine, anaitaja, kwisha. Ili namba hiyo peke yake isitoshe, ingia Mipangilio ya WhatsApp, kisha Akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili kwa PIN ya tarakimu sita. Utaulizwa barua pepe. Wengi huiruka hatua hiyo. Ukija kuisahau PIN bila barua pepe, utasubiri siku 7 ndipo uweze kuibadilisha.